Msomaji wa Barua za Pankras

Kwa miaka kumi na mitatu Hilaria Kapinga ndiye aliyeshika ufunguo wa maktaba ya kijiji pale Namswea, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyeingia humo mara nyingi kuliko yeye. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kijiji, chenye rafu tatu za mbao na dirisha lisilo na kioo. Alikabidhiwa enzi za kisomo cha watu wazima, alipokuwa akiwafundisha akina mama wa mtaa wake kusoma, na kwa sababu hiyo watu waliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya madarasa yenyewe kufa.

Vitabu vya kilimo bora alivisoma mara moja akavirudisha. Vya siasa alivipangusa vumbi. Vilivyomteka ni vinne tu, vyote vya watu waliosafiri wakaandika walikopita. Kimoja hakikuwa na jalada, kingine kilikosa kurasa za mwisho, kwa hiyo yule msafiri alibaki jangwani na ngamia wake mgonjwa, na Hilaria hakujua kamwe kama alitoka. Hadithi za kubuni hazikumkaa. Yeye alitaka mtu aliyekwenda kweli, akapotea njia, akalala njaa, akadanganywa na wenye mitumbwi, kisha akakumbuka kuandika uji aliopewa asubuhi yake ulikuwa na rangi gani. Alipenda hasa pale mwandishi anapoachana na milima na wafalme, akasimulia kiatu kinavyombana. Hapo ndipo na yeye alipoanza kutembea. Alikaa kwenye kigoda, sufuria ya maharage mbele yake, miguu yake ikichoka kwa safari ya mtu mwingine. Maharage yaliungua mara nyingi.

Mumewe, Raimundi, mtu wa kahawa na maneno machache, alimwambia siku moja bila ubaya wowote, "Mito ya nchi za watu unaijua kwa majina, na ziwa lililo hapo chini hujawahi kuliona."

Ilikuwa kweli. Hilaria alizaliwa milimani, akaolewa milimani, na Ziwa Nyasa alilisikia tu kwa wauza usipa, dagaa wa huko, waliopanda nao kwa magunia.

Mwaka 1989 serikali ya kijiji ilimpangisha mfanyabiashara mmoja kile chumba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na sabuni na sukari, vitu vilivyokuwa vimepotea hata watu wakavisahau, vilikuwa vinarudi kwa malori. Hakuna aliyelalamika. Hilaria naye alihitaji sabuni. Vitabu vilitiwa kwenye magunia mawili vikawekwa stoo pamoja na mbolea. Alitoa vinne vyake, akaenda navyo nyumbani chini ya khanga, akaurudisha ufunguo.

Mwaka uliofuata, siku moja baada ya ibada ya Jumapili, jirani yake Bonifasia alikuja akichechemea kwa magoti yake mabovu, akiwa na bahasha mkononi. Bonifasia alikuwa mjane aliyempita Hilaria kwa miaka ishirini hivi. Zamani za kisomo alihudhuria jioni tatu, akasema herufi zote zinafanana, hakurudi tena. Mwanawe wa mwisho, Pankras, alikuwa ameikatia kahawa tamaa, akajitwisha belo la mitumba akateremka nalo ziwani kufanya biashara. Miezi minane ilipita kimya. Sasa barua imekuja, kwa mkono wa Wendelin, katekista, aliyechukua barua za kigango parokiani.

"Nisomee, Mwalimu," Bonifasia alisema. "Nijue kama ni mzima."

Hilaria alifungua, akaanza kwa sauti yake ya darasani. Salamu zilikuwa zile zile za barua zote. Halafu akafika hapa:

"Mama, joto la huku Liuli halitoki juu, linatoka chini kwenye mchanga, likipanda kwa miguu. Nimejifunza kutembea kwa vidole kama wenyeji. Mbele ya bandari kuna jiwe kubwa limekaa majini kama mnyama aliyelala huku kainua kichwa. Watu wa hapa hawalitazami. Mimi nalitazama kila asubuhi nione kama limegeuka."

Akanyamaza. Akairudia ile sehemu kimoyomoyo.

"Mbona umenyamaza? Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Anaandika vizuri."

"Anaomba nini?"

"Haombi kitu."

Bonifasia alishangaa kidogo. Kisha akauliza swali ambalo angeliuliza kila barua ilipokuja: "Amesema anakula nini?"

Walijibu siku hiyo hiyo. Bonifasia alitamka na Hilaria akaandika: habari za mbuzi, za kaka yake, za mvua kuchelewa. Mwishoni ilibaki nafasi ya mistari miwili, na Hilaria, bila kuulizwa na mtu, aliijaza. "Mama anauliza, asubuhi ziwa linanukaje?"

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, na sehemu ya harufu peke yake ilichukua kurasa mbili. Pankras aliandika kwamba kabla jua halijatoka ziwa halinuki kitu, kama maji ya kunywa, na harufu yote ni ya watu: moshi, nyavu, usipa wa jana waliokosa jua. Alimwandika mama mmoja aliyekuja kununua gauni la Kizungu kila wiki na kila wiki akaondoka bila kununua, lakini asubuhi ya Pasaka alimwona amelivaa, na mpaka leo hajui alilipataje. Hilaria alicheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa hajacheka hivyo kwa kitu kilichoandikwa tangu yule mtu wa ngamia.

Basi ikawa desturi. Barua zilikuja kila mwezi au miezi miwili, na wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwa Hilaria baada ya ibada, kila mmoja na ungo wake wa maharage ya kupepeta. "Jumapili tunakwenda ziwani," waliambiana visimani. Bonifasia alikaa mbele, kwenye kiti chenye mgongo, kama mama wa bwana harusi.

Hilaria alisoma kwa ustadi. Alijifunza wapi pa kupunguza sauti na wapi pa kuwaacha wasubiri. Alipowasomea habari za wadudu wa ziwani, hata watoto walinyamaza. "Jana niliona moshi katikati ya ziwa, nikadhani kuna chombo kinaungua," aliandika Pankras. "Mzee mmoja akanicheka. Ni wadudu, wadogo kuliko chawa, wameinuka majini kwa maelfu ya maelfu. Kisha upepo ukawaleta kwetu. Tulifunga macho na midomo, na mashati yangu yote yaliyotundikwa yakawa meusi kama masizi. Walipopita, watoto wakaja na masufuria kuwakusanya. Mama, wanaliwa. Nimewala. Nisikudanganye, si vibaya."

"Amekula wadudu!" Bonifasia alijipiga mapaja, na ua zima likaangua kicheko.

Na kila jibu lilipoandikwa, Hilaria aliongeza swali lake mwishoni. Mama anauliza, wavuvi wakirudi bila kitu husemaje? Mama anauliza, Liparamba ulipopita, msituni ulisikia nini? Bonifasia hakujua habari za maswali hayo. Pankras naye hakujua kwamba si ya mama yake. Aliyajibu kwa bidii ya mtoto anayeulizwa na mzazi jambo ambalo hakutegemea angeulizwa. Kama Hilaria angesimama kufikiri, angeona kwamba uani pale walikaa wasikilizaji wawili tofauti. Bonifasia alikuwa akimsikiliza mwanawe. Yeye alikuwa akisikiliza ziwa.

Juni mwaka 1993, kahawa ikiwa inaiva, Wendelin alileta bahasha nene kuliko zote. Wakati huo Bonifasia alikwisha kumruhusu Hilaria azisome kwanza peke yake, ili asikwamekwame mbele za watu. Hilaria alijifungia chumbani. Kurasa zilikuwa nane. Sita za mwanzo zilikuwa za safari ya boti ya mbao kutoka Liuli kwenda Manda. Katikati injini ilizimika, upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukapanda, na abiria wakachota maji na kuyamwaga kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kofia ya askari mmoja. Hilaria alisoma akiwa amesimama. Alikuwa hajawahi kusoma kitu kizuri kama hicho maishani mwake.

Akageuza ukurasa wa saba.

"Mama, sasa nikueleze jambo lililonifanya nikuandikie. Nimeoa. Hatujafunga ndoa kanisani, maana yeye ni wa Anglikana, na sikutaka tufunge kabla hujaja. Anaitwa Asnath. Tuna mtoto wa kike wa miezi minne, tumempa jina lako. Mwisho wa Agosti tunavuka kwenda Malawi, kaka yake Asnath ana shughuli huko, na sijui kama tutarudi kukaa upande huu. Njoo kabla hatujavuka, umpakate. Usiogope magoti. Lori hutoka Mbinga siku za mnada, na mimi nitakuwa nikilisubiri Mbamba Bay kila mara. Najua nimefanya bila kukuuliza. Kama umekasirika usije, nami nitaelewa, lakini uniambie."

Hilaria alikaa kitandani. Miaka mingi baadaye alipojaribu kujieleza, aliweza kutaja sababu nyingi, na zote zilikuwa na ukweli kidogo. Kwamba Bonifasia angelia mbele ya watu kwa ndoa isiyo ya kanisa. Kwamba kaka mtu angegeuka mbogo. Kwamba mavuno yalikuwa yameanza, na mzee wa magoti yale angeshukaje milima ile juu ya magunia. Lakini sababu iliyokuwa chini ya zote hizo aliijua dakika ile ile. Pankras akivuka, barua zimekwisha. Na mama akienda kumwona kwa macho yake, hazitakuwa na kazi tena. Alijiambia atamweleza taratibu, wawili tu, kahawa ikipungua. Akazikunja kurasa mbili za mwisho akaziweka ndani ya kitabu.

Jumapili alisoma kurasa sita. Watu walishika vichwa. Boti ilipofika Manda mwanamke mmoja alipiga vigelegele.

"Ndipo alipoishia?" Bonifasia aliuliza.

"Ndipo alipoishia, mama."

Baada ya watu kutawanyika walikaa kuandika jibu. "Mwambie nashukuru hakuzama," Bonifasia alisema. "Mwambie maharage mwaka huu yamekubali. Avae kitu kizito akiwa majini. Aje Krismasi, nitamchinjia jogoo." Hilaria aliandika neno kwa neno, hakupunguza kitu. Nafasi ilibaki, na mkono wake uliokwisha kuzoea ukaandika: "Mama anauliza, mlipokuwa mkimwaga maji, mliimba au mlinyamaza?"

Wiki zilipita. Kila Jumapili alipomwona Bonifasia akija, Hilaria alisema moyoni, leo. Kisha Bonifasia angecheka, akimsimulia mtu tena habari ya kofia ya askari, na Hilaria angesema, basi kesho.

Septemba ilikuwa imeanza Wendelin alipoleta bahasha nyingine. Ilikuwa nyepesi hata Hilaria akadhani haina kitu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya daftari.

"Mama, shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara nyingi. Nimekuelewa. Tuliimba. Mwanao, Pankras."

Hakukuwa na jiwe, wala samaki, wala joto. Hilaria alikitazama kile kipande mpaka Raimundi akaingia akamkuta hivyo, na hapo akamweleza yote, tangu mwanzo. Raimundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nenda kwa mama yake sasa hivi," alisema.

"Nitashuka kwanza. Nikimkuta nitamweleza mwenyewe, nirudi na jibu la kumpa mama."

"Unakosea tena, Hilaria."

Alikwenda hata hivyo. Alipanda lori Mbinga siku ya mnada, juu ya magunia ya mahindi, na lilipoanza kuteremka kuelekea Mbamba Bay hewa ikabadilika kama Pankras alivyoandika, kwanza masikioni, kisha kifuani. Aliuona ukuta wa mwisho wa milima na chini yake ziwa, pana, halina upande wa pili siku hiyo kwa ukungu. Na hapo, pamoja na yote aliyokuwa ameyabeba, alifurahi. Hakuweza kujizuia. Hili hapa joto linalopanda kwa miguu. Wale pale watu wanaotembea kwa vidole. Kesho yake, kwenye boti ya kwenda Liuli, alikuwa akiyataja mambo moja moja midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali, na kila alilolitambua lilimpa furaha, na kila furaha ikafuatwa na aibu.

Nyumba aliipata kwa kuuliza. Mama yake Asnath alikuwa akianika usipa kwenye kichanja. Alimkaribisha, akampa maji na mkeka, akamtazama vizuri.

"Wewe ndiye mama yake Pankras?"

"Hapana, dada. Mimi ni jirani. Mimi ndiye ninayemsomea."

"Wamekwisha vuka. Alhamisi iliyopita. Alikuwa aondoke mwisho wa mwezi na wenzake, akasema tuongeze siku kidogo, labda magoti yanamsumbua." Alivuta pumzi. "Kila siku ya lori alikwenda Mbamba Bay kulisubiri. Alimchongea mamaye kitanda kifupi, ili asipate tabu kuinuka. Kiko humo ndani, sijui nikifanyeje."

Hilaria aligeuka akatazama mlangoni.

"Barua ya mama yake alitusomea wote hapa," yule mama akaendelea, pole pole, bila hasira. "Alisoma mpaka mwisho, akageuza nyuma kutazama kama kuna kitu zaidi. Halafu akasema, 'Mama anataka kujua kama tuliimba. Hataki kujua mtoto ana meno mangapi.'"

Hilaria alikaa Liuli siku mbili akisubiri chombo cha kurudi. Lile jiwe lilikuwa pale bandarini, kubwa kuliko alivyolifikiria. Alilipita huku ameinamisha kichwa.

Alimkuta Bonifasia nyumbani kwake, akigeuza kahawa kwenye kichanja. Hakuzunguka. Alipiga magoti chini pale pale akasema alilolifanya, akaweka mbele yake zile kurasa mbili na kile kipande cha daftari. Bonifasia hakuviokota.

"Soma," alisema.

Hilaria akasoma. Sauti ya darasani haikuja.

"Rudia jina la mtoto."

"Bonifasia."

Yule mama aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja, punje baada ya punje. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Juni, mama."

"Na Jumapili zote hizo nikicheka." Kiganja chake kikasimama juu ya kahawa. "Ningekwenda, Mwalimu. Hata kwa kutambaa ningekwenda. Nipe barua zangu zote."

Hilaria alizileta, ishirini na moja, zimefungwa kwa uzi. Bonifasia alizitia ndani ya khanga yake akaingia ndani.

Tangu siku hiyo Wendelin ndiye aliyemsomea. Katekista alisoma vibaya, akirukaruka mistari, na sauti yake ilikuwa moja kwa dhoruba na kwa mbuzi, lakini alisoma kila kilichoandikwa mpaka tarehe. Bonifasia hakumchukia Hilaria waziwazi. Alimwitikia marahaba njiani, akamwuliza habari za watoto. Ila hakumletea karatasi tena, na wale wanawake wakapeleka nyungo zao kwingine.

Vitabu vinne vilibaki rafuni. Hilaria alijaribu mara kadhaa. Alifungua, akasafiri kurasa mbili tatu, kisha akajikuta akijiuliza huyu mtu alipokuwa akihesabu ngamia nani alikuwa akimsubiri nyumbani, na nani alimsomea mtu huyo habari zake. Akavifunga. Maharage yake siku hizo yaliiva vizuri.

Mwaka 1995 ilikuja barua yenye stempu ya Malawi, na nyingine baada yake. Hilaria alisikia ya juu juu kwa majirani, kwamba Pankras ana duka, kwamba amepatikana mtoto wa pili. Bonifasia mwenyewe hakuweza tena kwenda mbali zaidi ya kanisani. Mwaka 1999, wakati wa baridi, alifariki.

Pankras alifika siku nne baada ya maziko. Alikuwa amenenepa, ana mvi chache, na alimshika mkono msichana wa miaka sita mwenye magoti ya kumeremeta kwa mafuta. Hilaria alisubiri mpaka watu wakapungua uani, akamsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu," Pankras alimtangulia.

"Marahaba, baba. Pankras, mimi ndiye..."

"Najua. Mama aliniambia yote. Katekista alimwandikia."

"Nimekukosea sana. Na yeye nilimkosea. Alinisamehe?"

Pankras alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta ukurasa. "Hilo hakuandika," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alimwambia mtoto asalimie, mtoto akasalimia. Kisha wakasimama tu, wote watatu, wakitazama kaburi la udongo mbichi na ng'ambo yake mashamba ya ngolo, yale yanayolimwa kwa mashimo, yaliyopanda mlima. Hilaria alikuwa na swali mdomoni. Alikuwa nalo kwa miaka minne, tangu ile stempu ya kwanza. Kule ng'ambo ya ziwa, jua linapochomoza upande huu, milima ya kwao inaonekana? Inaonekanaje? Huyu hapa mtu pekee duniani ambaye angeweza kumwambia, na angemwambia vizuri.

Hakuuliza. Aliwaaga, akaenda jikoni kuwasaidia wenzake kuosha vyombo vya msiba. Jumatatu Pankras na binti yake wakapanda lori la Mbinga.